Usiguse Mpaka Aje Aone

Nilimpa shikamoo. Hilo ndilo linaloniuma kwanza, kabla hata ya mahindi.

Aliingia ofisi ya kijiji amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, simu mbili mkononi. Mimi nimekaa kwenye benchi, matope mpaka magotini, mtoto mgongoni. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Shikamoo mzee." Akaitikia vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi: "Marahaba mwanangu. Mtoto mzima?" Asubuhi ileile ng'ombe wake walikuwa wamemaliza shamba langu. Nami nikamjibu kwamba mtoto mzima. Ndivyo tulivyolelewa. Aliyekuzidi umri unamwamkia, hata kama mguu wake uko shingoni mwako.

Watu wakisikia ng'ombe wamekula mahindi Handeni, midomo inakimbilia kuwataja Wamasai. Huyu si Mmasai. Ni mtu wa Korogwe mjini, nyumba yake ina bati la rangi, na ng'ombe amewaleta huku kwetu Sindeni walishwe na watu wa kuajiriwa. Yeye anakuja kuwaangalia siku akijisikia. Masikio yao yamekatwa alama pande zote mbili, na hakuna mtu hapa asiyeijua alama hiyo. Hata mtoto wangu, ambaye bado anaita kuku "kuu", anaijua.

Asubuhi hiyo mimi na mama mkwe tulikwenda kupalilia. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yana ile rangi ya kijani inayokaribia weusi. Tulipokata kona ya mkorosho tukaona mgongo wa ng'ombe pale ambapo ungetakiwa uone majani. Halafu migongo mingi. Mama mkwe akaanza kupiga kelele kwa Kizigua, lugha yake ya kukasirikia. Mimi nikatupa jembe. Ndiyo, nilitupa jembe kama jiwe, likaanguka karibu na miguu yangu mwenyewe. Mchungaji wao alitokea upande wa pili, akapiga mluzi, wakaondoka bila haraka. Wa mwisho alikuwa anatafuna, bua langu linaning'inia mdomoni, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake.

Walichokula kilikuwa kidogo kuliko walichokanyaga. Shamba lote lilikuwa limekuwa njia.

Niseme kidogo mimi ni nani, maana bila hilo habari ya zaburi nitakayoisimulia mbele haitaeleweka. Nimezaliwa Korogwe, kwenye nyumba za kambi ya zamani ya mkonge. Babu yangu aliletwa kule akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na hakurudi kwao. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nikaolewa Sindeni na kijana wa Kizigua, Mwislamu, mimi nikabaki na kanisa langu na hakuna aliyenisumbua, isipokuwa mama mkwe akitaka kunitania. Mume wangu yuko Dodoma kwenye ujenzi. Shamba lile mama mkwe alilikata kwenye la kwake akanipa siku nilipojifungua. Alisema: "Mama wa mjukuu wangu hatakula kwa kuomba." Kwa hiyo lile shamba ndilo uji wa mtoto, ndilo ugali wa sisi watatu mpaka mwaka mwingine. Hakuna lingine. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Basi, ofisini. Mtendaji wa kijiji alitusikiliza. Ni kijana, hanizidi kwa miaka mingi, ana tabia ya kugonga meza kwa kalamu mtu akiongea.

"Ulimkamata hata mmoja?"

"Nimkamateje?"

"Ungemfunga kamba. Ng'ombe aliyefungwa ni ushahidi."

"Mimi, na mtoto mgongoni, nimfunge kamba dume la ng'ombe?"

"Nasema tu utaratibu ulivyo, dada."

Mwenye ng'ombe akacheka kidogo, kwa upole. "Ng'ombe wa watu ni wengi huku," akasema. "Huenda ni wangu, huenda si wangu. Mimi sikatai. Aje bwana shamba apime, akisema ni wangu tutaongea kama watu wazima." Mama mkwe akamwambia masikio aliyaona kwa macho yake mawili. Akajibu, "Mama, macho ya asubuhi."

Mtendaji akamaliza kwa neno ambalo limenikaa kichwani kama mwiba wa katani. "Usiguse kitu shambani. Usipalilie, usipande, usiondoe hata bua. Paache palivyo mpaka bwana shamba aje aone. Ukigusa, umeua kesi yako mwenyewe."

Nikauliza anakuja lini. Bwana shamba alikuwa Handeni mjini kwenye semina, na pikipiki ya kata ilikuwa haina mafuta. Atakuja tu.

Nikampigia mume wangu. Nyuma yake nasikia nyundo. "Fuata anavyosema mtendaji," akaniambia. "Ukifuata sheria hawawezi kukuonea." Dodoma ni mbali. Mtu akiwa mbali sheria inaonekana nzuri.

Jioni mama mkwe alikuwa anapepeta mchele uani, kimya, na yeye si mtu wa kimya. Kisha akasema, "Tumsomee halbadiri."

Kwa wasioijua: ni kisomo. Mtu akidhulumiwa na asijue pa kwenda, anawaita wanaojua kusoma, wanakaa, wanasoma majina ya watu wa zamani wa Mungu na kumwomba amwonyeshe mwenye kosa. Huku kwetu mara nyingi hata hakisomwi. Unatangaza tu kwamba kitasomwa Ijumaa, na kabla ya Ijumaa kuku aliyepotea anaonekana anatembea uani kwako, mguuni ana kamba ambayo hukumfunga wewe.

"Mama, mimi ni Mkristo," nikamwambia.

"Mahindi yako nayo yalibatizwa?"

"Sisi tuna chetu."

"Kipi?"

"Zaburi."

Akaacha kupepeta. "Nyie watoto wa manamba mna maneno. Haya, isome tuone. Lakini nikwambie kitu kimoja. Halbadiri ina sharti, anayeomba awe safi. Kama kosa ni lako inageuka njiani inakurudia. Hiyo yenu inajua kugeuka?"

Sikujua. Nilikuwa naijua zaburi moja tu ya namna hiyo, na si kwa kusoma, kwa kusikia. Ni ya tisini na nne. Nyumbani tuliiita zaburi ya bibi. Bibi yangu mzaa mama, enzi za kambini, msimamizi akimwonea alikuwa anafungua Biblia, anasimama mlangoni, uso ameuelekeza nyumba ya msimamizi, anaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Watoto wote wa kambi walijua kwamba bibi akisimama pale, mtu fulani ameshtakiwa juu.

Kwa hiyo na mimi nikasimama. Nilikwenda mpakani mwa shamba, bila kulikanyaga, maana nimeambiwa nisiguse, nikageukia upande wa Korogwe, nikasoma. Niliisoma kama mtu anayerusha mawe. Yule mtu wa zaburi anamwambia Mungu anyanyuke. Anamwambia, wewe si ndiye mwamuzi wa dunia? Basi walipe hawa wenye kiburi. Anauliza mpaka lini watakuwa wanafurahi, mpaka lini. Anasema wanamuua mjane na mgeni na yatima, na bado wanajiambia kwamba Mungu haoni. Nikasimama hapo kidogo. Mjane mimi siye, yatima siye. Lakini mgeni, Sindeni, ndiyo, hata nikizaa watoto kumi. Nikaona ninaingia humo ndani, nikaendelea.

Mtoto alikuwa ananivuta kanga. "Mama, nani?" Alifikiri kuna mtu ninaongea naye.

Nilipomaliza, hakuna kilichotokea. Najua ni upumbavu kulisema hilo. Hakuna aliyeniahidi radi. Lakini nilisimama pale nikingoja kitu, hata upepo ubadilike, na upepo haukubadilika. Mabua yalikuwa yamelala vilevile.

Bwana shamba hakuja. Nilikwenda ofisini, mtendaji akanambia ameshamjulisha. Nikaenda tena, ofisi imefungwa. Mahindi yaliyokanyagwa yakaanza kuwa ya njano, halafu ya kahawia. Mbingu nayo ikaanza kuvuta mawingu kutoka upande wa milima. Kila mtu alikuwa anatazama juu na kusema mvua hiyo ikinyesha, anayetaka kurudishia mbegu arudishie, baada ya hapo masika yanafunga.

Jumamosi nikamwachia mama mkwe mtoto, nikaenda Korogwe kwa mama yangu. Yeye bado anaishi kwenye nyumba ileile ya kambi, chumba kilekile chenye sakafu iliyopasuka umbo la mguu wa kuku. Nilimkuta anachambua majani ya kunde. Nilimweleza yote. Akasikitika kama mama, akanipa chai. Halafu nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kuuliza utotoni.

"Mama, yule msimamizi aliyekuwa anasomewa na bibi. Alipatwa na nini?"

Mama akafikiri. "Alistaafu."

"Alistaafu?"

"Ndiyo. Alijenga Dindira, kule juu kwenye chai. Alizeeka vizuri. Nilikwenda kwenye mazishi yake, tulikula pilau."

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Mama akanipiga mgongoni akidhani nalia, na hakukosea sana.

Asubuhi yake tukaenda kanisani, pale nilipobatizwa. Mwinjilisti ni yuleyule mzee aliyenifundisha kipaimara, sauti imepungua lakini tai ni ileile. Tukaimba. Ukafika wakati wa mahitaji, mtu mwenye shukrani au shida anasimama anasema, kanisa linamwombea. Akasimama mama mmoja, presha. Akasimama kijana, anatafuta kazi. Kisha benchi la mbele kabisa akasimama mtu mwenye shati jeupe.

Sikujua kwamba anasali pale. Nilihama nilipoolewa, na yeye alikuja baadaye. Niliijua shingo yake kabla hajageuka.

"Bwana Yesu asifiwe," akasema. "Nina uchungu, wapendwa. Nina ng'ombe wangu wengine huko Mazingara, wawili wamekutwa wamekatwa mapanga. Wanyama hawana kosa. Wamekatwa miguu ya nyuma, wameachwa wanajiburuta. Nimekwenda kwa viongozi, nazungushwa. Sina pa kwenda. Naomba kanisa liniombee haki."

Sauti yake ilikatika pale kwenye kujiburuta. Haikuwa ya kuigiza. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba haikuwa ya kuigiza.

Mwinjilisti akainua mikono na kuanza kuomba. Na maneno aliyoombea yalikuwa yale. Mwamuzi wa dunia, nyanyuka. Mpaka lini, Bwana, mpaka lini. Wanamponda mtu wako. Zaburi ya bibi yangu, neno kwa neno, juu ya kichwa cha yule mtu. Watu wakasema Amina. Mama yangu akasema Amina, hakujua ni nani.

Na mimi mdomo wangu ukasema Amina.

Baada ya ibada nikamvizia mwinjilisti nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimekuona tangu wimbo wa kwanza umenuna kama uliyekatazwa harusi."

"Ile zaburi uliyomwombea yule mzee ni yangu."

"Zaburi haina mwenyewe, mwanangu."

"Na ng'ombe nao hawana mwenyewe?"

Nikamweleza. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena. "Sikujua," akasema.

"Sasa umejua. Jumapili ijayo utasimama useme?"

Akanyanyua kidevu kidogo kuelekea juu. Nikatazama. Bati za kanisa zilikuwa mpya, zinang'aa, na mbao za kenchi bado zinanukia. Nikaelewa nani aliyeziweka.

"Unajua," akaanza, kwa ile sauti ya kipaimara, "zaburi hii inatufundisha kumwachia Mungu."

"Wapi?"

"Kwa ujumla wake."

"Nionyeshe mstari, mwalimu. Uliyenifundisha kutafuta mstari ni wewe."

Akafungua Biblia yake. Kidole kikashuka taratibu, mimi nasoma naye begani. "Hapa hamwachii," nikasema. "Hapa anamwita. Hapa anamwuliza mpaka lini. Hapa anawatukana wajinga. Hapa anauliza, aliyetengeneza sikio anashindwaje kusikia. Huyu haachi kitu, mwalimu. Huyu anagonga mlango."

"Ni kweli anagonga."

"Akafunguliwa?"

Mzee akasoma mpaka mwisho, midomo inacheza. Mwisho yule mtu anasema Mungu ni ngome yake, na kwamba wabaya watamalizwa. Watamalizwa. Siku ipi, nani alikuja, walikamatwa wapi, hakuna.

"Haijaandikwa," akasema mwinjilisti. Kisha akaniambia kitu ambacho nampa heshima yake, maana angeweza kunyamaza. "Mimi nimeihubiri mara nyingi, mwanangu. Lakini sijawahi kuisoma nikiwa nimedhulumiwa. Labda wewe ndiye unayeijua." Halafu akaniombea baraka ya safari, mkono wake kichwani kwangu ni mwepesi kama kikapu kitupu.

Kuhusu lile sikio nina la kusema. Ni swali zuri. Lakini aliyeliuliza hakukaa kwenye benchi la ofisi yetu ya kijiji. Mimi najua mtu mwenye masikio mawili mazima anavyoweza kukusikia mpaka mwisho, akagonga meza kwa kalamu, na asinyanyuke.

Niliporudi Sindeni mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye minazi ya shule. Kesho yake asubuhi nikasikia wanawake wanaongea njiani. Walikuwa majirani, kundi la mama mkwe la kulimiana, leo kwako kesho kwangu. Majembe begani, na mmoja amebeba mbegu ya muda mfupi kwenye ndoo, mbegu yake mwenyewe.

"Hodi! Tumekuja kukurudishia shamba," akasema wa mbele. "Mvua ndiyo hiyo. Tukianza sasa, mchana tumemaliza."

Nilikuwa nimesimama kwenye kichwa cha shamba. Nikapanua mikono. Sijui kwa nini nilipanua mikono, kama wanataka kunipora.

"Msiingie."

"Kwa nini?"

"Mtendaji kasema lisiguswe."

Wakatazamana. "Mtendaji anakula nini?" mmoja akauliza. Mwingine akasema, "Tuacheni basi tumsubiri bwana shamba. Tukifa na njaa atakuja apime na makaburi." Wakacheka, lakini majembe hayakushuka begani, wananisubiri mimi niseme neno. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa.

Mama mkwe akanisogelea, akasema polepole, kwa Kiswahili, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko Kizigua. "Mwanangu. Mvua haina mtendaji."

"Mama, tukilima leo, yule mzee atasema hakukuwa na kitu. Atasema tulilima wenyewe, hakuna aliyekula."

"Atasema. Na wewe utakuwa na mahindi."

"Na yeye atakuwa hana kosa!"

Nilipiga kelele. Mtoto akaanza kulia. Nilitaka mahindi, Mungu anajua. Lakini nilitaka zaidi mtu mmoja, mmoja tu mwenye kalamu, asimame pale aone kile nilichokiona mimi asubuhi ile, aseme: ndiyo, hiki kimetendeka. Nikifukia, kitakuwa hakijatendeka. Na hapo, nimesimama mikono wazi mbele ya wanawake waliokuja kunisaidia, ndipo nilipomwelewa yule mtu wa zaburi. Sikupata faraja yoyote ndani yake. Nilimwelewa tu. Naye ni kama aliambiwa asiguse. Hakuchukua panga, hakukata miguu ya ng'ombe, hakusamehe, hakupanda kitu kingine juu yake. Aliuacha uovu wazi kama ulivyo, akakaa pembeni anapiga kelele, njoo uone. Na mvua nayo ilikuwa inakuja.

Wale wanawake wakaondoka. Walikwenda kulima kwa jirani, nikawa nasikia nyimbo zao.

Matone ya kwanza yalipoanguka niliona nyayo za ng'ombe zinaanza kufutika. Udongo wetu ni mwekundu, ukilowa unajifunika wenyewe. Nikakimbia nyumbani. Nikachukua beseni la kuogeshea mtoto, sufuria kubwa, ndogo, ungo, kifuniko cha pipa. Nikarudi nikaanza kufunika alama za kwato, hapa moja, pale mbili, nikiweka mawe juu. Mama mkwe akaja na mfuko wa mbolea kichwani, akanikuta nimepiga magoti nafunika tope kwa sufuria.

"Nitapikia nini?" akauliza.

"Kwa leo tukope."

Akavua ule mfuko kichwani, akaulaza juu ya alama nyingine, akaweka jiwe. Akarudi nyumbani ananyeshewa.

Ilinyesha vizuri. Ilikuwa mvua ambayo mkulima angeitaja kwenye sala. Mimi nilikaa mlangoni naiangalia inamwagika kwenye shamba tupu.

Bwana shamba alikuja mvua ilipokwisha kabisa, udongo umeanza kushika. Hakuja na pikipiki ya kata. Aliletwa na gari la mwenye ng'ombe. Mwenyewe alikuwa anaendesha, mtendaji amekaa nyuma. Walishuka watatu, wakakunja suruali. Safari hii sikuamkia mtu. Nilijishughulisha na mtoto, nikamfuta pua ambayo haikuwa chafu.

Bwana shamba alikuwa mtu wa adabu. Alizunguka shamba lote, akainama, akachuma bua lililooza, akalinusa. Nikampeleka kwenye beseni. Nikaondoa mawe, nikafunua. Alama ya kwato ilikuwepo, kavu, safi, kama imechorwa. Nikafunua sufuria. Nikafunua ungo. Nilikuwa kama mtu anayepakua chakula cha wageni.

"Hizi ni nyayo za ng'ombe," akasema.

"Ndiyo!"

"Ni kweli ni za ng'ombe. Lakini ni chache, mama. Na ng'ombe gani, nyayo haziandikwi jina. Hapa katikati nyasi zimeshaota, mvua imelaza kila kitu. Siwezi kuandika kwamba shamba zima liliharibiwa na mifugo kwa nyayo zilizo chini ya beseni."

"Uliambiwa uje kabla ya mvua."

Akamtazama mtendaji. Mtendaji alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake. Bwana shamba akakuna kichwa, akasema kwa huruma ya kweli, na nisingeomba kuisikia tena maishani: "Ungepanda tu, mama. Kwa nini ulisubiri? Ungeacha kipande kidogo pembeni, mimi ningepimia hapohapo. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Nikageuka kwa mtendaji. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa mengi mno kupita mlangoni kwa pamoja.

Mwenye ng'ombe akatikisa kichwa. "Pole sana, mwanangu," akasema. "Hata mimi nazungushwa hivyohivyo na wale wa Mazingara. Mungu atatulipia." Akasema atatulipia. Sisi wote. Akaufungua mlango wa gari, akakung'uta tope kwenye viatu kwanza, wakaondoka.

Sasa tumepanda kunde. Mahindi hayawezi tena. Kunde zikipata mvua mbili za mwishomwisho zitatoa kitu, zisipopata tutakula majani yake. Mama yangu ametuma unga kutoka Korogwe. Mume wangu amesema atapiga simu kwa mtu anayemjua, sijamwuliza mtu gani. Mimi zaburi ile naisoma bado, lakini sigeukii tena upande wa Korogwe. Naisoma nikiwa nimekaa. Siku nyingine nafika kwenye lile "mpaka lini", nafunga Biblia.

Siku ya kulima mama mkwe alitangulia mbele, mimi nyuma na mbegu. Akafika kwenye ile kona ilipokuwa beseni. Alama ya kwato ilikuwa imekauka, ngumu kama kigae. Akainua jembe.

"Hapo paache, mama."

"Pana nini?"

"Paache tu palivyo."

"Majani yataota, yatasambaa shamba zima."

"Yaote."

Akashusha jembe, akaliegemea. Hajui kusoma herufi za Kilatini na hakuwahi kuuliza ndani ya zaburi yangu mna nini. "Mpaka lini?" akasema.

Nikamwambia sijui.

Akanitazama, kisha akairuka ile sehemu, akaendelea kulima mbele yake. Beseni nililichukua. Mtoto lazima aoge.